Maiti Aliyekataa Kuvuka Makhoaba

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu mjini, na si mtu wa kupenda habari za uchawi. Lakini hili lilimpata shangazi yangu Puseletso, dada wa baba yangu, na sehemu kubwa niliiona kwa macho yangu mwenyewe. Nitalisema kama lilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Septemba. Mipichi ya mjini ilikuwa imechanua maua, kondoo wamekwisha nyolewa, na mimi asubuhi ile niliacha sweta nyumbani kwa sababu jua lilikuwa zuri. Tulikuwa tunakwenda kumchukua Motlatsi, mume wa shangazi, mochwari. Alikuwa amekufa hospitali mwishoni mwa Agosti kwa ugonjwa wa kifua alioutoa migodini. Mpango ulikuwa rahisi: tumchukue saa nne, tuvuke mlima wa Makhoaba mchana, afike kijijini kwake alasiri, tumzike Jumamosi. Kutoka mjini hadi kule ni mwendo wa saa mbili na nusu. Nimeipita njia ile tangu nikiwa mgongoni kwa mama.

Tulikuwa watatu. Tlali, mwenye pikapu, alikuwa anaendesha. Malefetsane, mdogo wake marehemu, aliingia ndani kumvika kaka yake. Mimi nilibaki nje nimeshika shada la maua. Mhudumu wa mochwari alikuwa amepoteza funguo. Tukasubiri saa moja, saa mbili, saa tatu. Malefetsane alipotoka nyuma ya jeneza uso ulikuwa umemvimba kwa hasira.

"Twende," alisema. "Twende kabla sijampiga mtu."

"Bwana Motlatsi alikuwa na haraka maisha yake yote," Tlali alisema akifunga turubai. "Leo mwacheni akae nyuma atulie."

Hakuna aliyecheka. Tukaondoka.

Theluji ya Julai, katikati ya majira ya baridi huku kwetu kusini, sisi tunaielewa. Inakuja wakati wake, unaiona inavyojikusanya, unaingiza mifugo. Ya Septemba haina adabu. Inaweza kukuacha wiki nzima umevaa fulana, halafu siku moja ikafunika bustani uliyopanda jana. Kwa hiyo tulipofika kona ya saba ya Makhoaba na kuona kitu cheupe kinaelea mbele ya kioo, sikushtuka. Nilikasirika tu.

Haikuanza na upepo. Haikuanza hata na wingu. Ilianguka tu, taratibu, nene, na chini yake barabara ikawa kioo. Pikapu ilizunguka nusu duara, ikatazama ilikotoka.

Tlali alijaribu mara tano. Tulifunga minyororo kwenye matairi, tukamwaga changarawe, tukasukuma mpaka viganja vikachubuka. Mara tano gari lilifika kwenye jiwe jeusi la kona ile, na mara tano lilirudi nyuma kama limesukumwa kifuani.

Tulirudi mjini saa kumi jioni. Mjini palikuwa pakavu. Watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye vumbi.

Nilimpigia shangazi. Alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, amefunikwa blanketi, kama mjane anavyotakiwa kukaa mpaka mumewe azikwe. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshafika.

"Kesho, shangazi," nilimwambia.

Kesho yake theluji bado ilikuwa imelala pale. Jumapili ikayeyuka. Jumatatu lori la mikate lilivuka na kurudi, na dereva wake akaniambia hakuona hata tone la maji.

Ijumaa ya pili tuliondoka alfajiri ili tuiwahi. Jeneza lilikuwa limefungwa vile vile kwa skrubu, hatukuligusa. Anga ilikuwa ya buluu hadi kona ya sita. Kona ya saba, theluji. Jiwe jeusi, barafu. Tulirudi. Kijijini nyama ya ng'ombe wa pili iligawiwa majirani, na pombe ya mtama ikachacha kwenye mapipa. Akina mama wa kanisa walikunja mikeka yao wakarudi kwao.

Mtu hajui kuchoka ni nini mpaka arudishe jeneza mochwari mara mbili. Yule mhudumu alitupokea kama watu waliorudisha nguo dukani.

Jumatano iliyofuata tulijaribu kwa siri. Wazo lilikuwa la Malefetsane. Hatukumwambia mtu kijijini, hata shangazi hatukumwambia. Saa sita mchana, jua la utosi, gari moja la mfuga kuku likiwa nyuma yetu. Tulipofika kona ya saba theluji ilianza kuanguka. Iliangukia pikapu yetu. Nilitoa kichwa dirishani nikatazama nyuma: gari la kuku lilikuwa hatua thelathini kutoka kwetu, na juu ya paa lake jua linawaka.

Tuligeuza. Tulipopishana naye, yule bwana wa kuku alikuwa amefungua mdomo.

Mjini Tlali alitusaidia kushusha jeneza. Kisha akawasha gari tena.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kuangalia."

Alirudi baada ya saa moja na nusu. Alikaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Nilimsogelea dirishani.

"Pakavu," alinong'ona. "Nimesimama pale pale. Nimeshuka. Nimelala chini nikagusa kwa shavu. Vumbi, mwalimu. Vumbi tupu."

"Basi?"

"Basi haituzuii sisi. Inamzuia yeye."

Malefetsane alisikia. Akatema mate. "Hainishangazi," alisema. "Kuna mtu hataki kaka yangu aingie nyumbani kwake. Na mtu huyo amekaa kwenye godoro anakula nyama zetu."

"Malefetsane, huyo ni shangazi yangu."

"Najua ni nani wako. Mimi nasema alichonacho."

Maneno hayo yalifika kijijini kabla yetu. Ndugu wa mume walianza kumpelekea shangazi chakula kwa mtoto badala ya kukileta wenyewe. Mganga aliitwa, akachoma dawa, akapaka mafuta mawe ya barabarani, akala kuku, akaondoka. Shangazi alinipigia simu akiwa ameficha kichwa ndani ya blanketi, nilisikia sauti yake ikizibwa na sufu.

"Nthatisi. Wewe umemwona uso?"

"Uso wa nani?"

"Wa Motlatsi. Walipomtia ndani. Ulimwona?"

"Hapana, shangazi. Malefetsane ndiye aliyemvika."

"Siku ya tatu sasa namwota," alisema. "Anakuja amechukia. Ananiambia, mbona hamji?"

Sikulielewa. Nilimwambia apumzike.

Ijumaa ya tatu Malefetsane aliamua kwa nguvu. Wanaume sita wa kijijini walikuja na farasi kutoka upande wa pili na kutusubiri chini ya mlima, kule mteremko unapoishia upande wa kwao. Sisi tulifika na pikapu mpaka theluji ilipotusimamisha, palepale. Kisha wale sita wakapanda kwa miguu hadi tulipo. Pamoja na Tlali na Malefetsane, wakawa wanane. Wakaliweka jeneza mabegani.

"Hata kama itaanguka milima," Malefetsane alisema. "Leo anakwenda nyumbani."

Mimi nilitembea nyuma yao. Ilikuwa saa saba mchana lakini hapakuwa na mchana. Weupe juu, weupe chini. Niliona migongo minane ya mablanketi na kile kisanduku, basi. Hakuna upepo. Nilisikia pumzi zao.

Pale kwenye jiwe jeusi walisimama.

"Anakuwa mzito," mmoja alisema.

"Endeleeni."

"Bwana Malefetsane, anakuwa mzito. Hakuwa hivi."

"Nimesema endeleeni!"

Wakaendelea. Mmoja alikuwa analia bila kujua kama analia, machozi yanagandia mashavuni. Hatua moja. Nyingine. Nyingine.

Niliinamisha kichwa kuepuka theluji, ndipo nikaona nyayo.

Kulikuwa na mistari miwili ya viatu, kulia na kushoto, ya wanaume waliobeba. Hiyo ni sawa. Lakini katikati, chini ya jeneza, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kutembea, kulikuwa na mstari wa tatu. Miguu mitupu. Vidole vitano vitano, vimechorwa vizuri.

Vilikuwa vimeelekea tulikotoka.

Niliziba mdomo kwa kiganja. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Nilitembea nikitazama, na kila jeneza liliposogea hatua mbele, unyayo mpya ulitokea chini yake, umepiga kisigino, unavutwa kinyume. Kama mtu anayekokotwa.

Tulipovuka jiwe kwa hatua mia hivi, theluji ilikatika ghafla. Jua likatoka. Nyayo zikaisha.

Wanaume walipiga kelele za furaha. Malefetsane alilia, kisha wakateremka na jeneza hadi kwenye farasi, na jioni tukafika kijijini.

Shangazi alisikia tunakuja. Jeneza lilipoingizwa nyumbani, katika ile nyumba yake ya mawe ya msonge, aliinuka kutoka kwenye godoro. Wanawake wakamzuia. Akawasukuma. Aliweka viganja viwili juu ya mbao akaviacha hapo.

"Fungueni," alisema.

"Shemeji, ni wiki tatu," Malefetsane alijibu. "Maiti wa wiki tatu hafunguliwi."

"Fungueni nimwone mume wangu."

"Umetuzuia wiki mbili, sasa unataka na kutuchezea?"

"Nimewazuia mimi? Mimi niliyekaa hapa mpaka makalio yamekufa ganzi, nimewazuia?" Alinigeukia. "Nthatisi, waambie."

Niliwaambia. Nikasema na habari ya nyayo. Wazee wa ukoo walinitazama kama wanavyotazama mtoto anayesumbua kanisani. Mmoja akasema mwalimu amechoka, apewe chai.

Wakamzika Jumamosi saa tatu asubuhi. Kaburi lilikuwa limechimbwa siku iliyotangulia kwenye udongo laini, lakini walipoanza kufukia, ule udongo uliorundikwa pembeni ulikuwa umeganda. Koleo zililia kama zinapiga chuma. Walifukia kwa mabonge. Kila bonge liligonga mbao, na kila lilipogonga shangazi alishtuka bega.

Nilibaki kwake. Jumapili mchana tulikuwa wawili, mlango wazi, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu, moto wa samadi unawaka. Nilichota maji kwenye beseni ili nioshe vikombe. Nikageuka kuchukua sabuni. Niliporudisha mkono, vidole viligonga barafu.

"Usiguse," shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Njoo hapa. Taratibu."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro. Alifunua blanketi upande wa pili, ule wa ukutani.

Kulikuwa na sakitu, umande ulioganda. Nyeupe, laini, imechora umbo la mtu. Mgongo, bega, magoti yamekunjwa mpaka kifuani.

"Motlatsi hakulala hivi hata siku moja," alisema. "Alilala chali, kifua hakikumruhusu. Huyu amejikunyata."

"Shangazi, tutoke."

"Anaona baridi, Nthatisi." Alifunika tena. "Nimewaambia. Niliwaambia wote."

Nililala kwa jirani. Yeye alikataa kutoka. Alisema ameshafukuzwa kwenye akili za watu, hatafukuzwa na kwenye nyumba yake.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, simu ya Malefetsane ililia. Alikuwa uwanjani anamtandika farasi. Nilimwona anasikiliza. Nilimwona anakaa chini, juu ya mawe, polepole kama mzee.

Ilikuwa mochwari. Walitaka kujua familia itakuja lini kumchukua marehemu Motlatsi. Walikuwa wamesafisha majokofu, na yeye alikuwa bado humo.

"Ulimvika nani?" nilimuuliza.

Aliendelea kuitazama simu.

"Malefetsane. Ulimvika nani?"

"Alikuwa amefunikwa uso," alisema. "Amefungwa kitambaa. Yule mhudumu aliniambia namba, nikasema sawa. Nilikuwa nimekasirika, saa tatu nimesimama pale kama mjinga. Na sikutaka..." Akaiweka simu chini. "Ni kaka yangu. Sikutaka kumwona. Nilivuta suruali, nikavuta koti, nikamfunika blanketi lake. Miguu ilikuwa imepasuka nyayo nzima, kama mchungaji asiyevaa viatu. Nikajiambia ni ugonjwa."

Siku ile ile tuliambiwa huyo mwingine alikuwa nani, au tuseme hakuwa nani. Mwezi Julai wakarabati wa barabara walimkuta mtu amekufa kwa baridi kwenye kona ya saba ya Makhoaba, ameegemea jiwe jeusi. Hakuwa na viatu. Hakuwa na karatasi. Hakuna aliyekuja kumuulizia.

Jumanne tulimfuata Motlatsi. Safari hii Malefetsane alifunua kitambaa, akamtazama kaka yake usoni, akatoka nje kutapika, akarudi kumalizia vifungo. Tuliondoka saa tano. Kona ya saba ilikuwa vumbi. Tlali alipita jiwe jeusi akiwa ameshika pumzi, nami pia, na pikapu ikapita kama inavyopita kila siku. Saa saba na nusu tulikuwa mlangoni kwa shangazi. Walifungua jeneza bila kuombwa. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Huyu ndiye."

Kisha akamgeukia Malefetsane na kumwambia mbele ya watu wote, "Wiki nzima umeniita mchawi." Akarudi kukaa.

Ilibidi yule mwingine atolewe. Chifu alitoa ruhusa, askari mmoja akaja kuandika. Walichimba mchana kweupe, watu wamesimama mbali. Jeneza lilitoka likiwa jepesi. Wanaume wawili tu walilipandisha, wakatazamana.

Skrubu zote zilikuwa zimekaza. Tlali alizifungua moja moja, nane, akizihesabu kwa midomo.

Ndani kulikuwa na suti. Shati limefungwa vifungo hadi kooni, tai imekaa sawa, koti juu yake, suruali imenyooka, blanketi limetandazwa. Kila kitu mahali pake na kila kitu kimelowa, maji yanatiririka kwenye pembe za mbao. Lakini ndani ya nguo hakukuwa na mtu.

Askari alifunga daftari lake. Hakuandika neno.

Hawakumlaza Motlatsi kwenye shimo lile. Walichimba jingine upande wa juu, na lile la kwanza wakalifukia tupu. Suti ilimwagiwa mafuta ya taa mara tatu, ikatoa moshi, ikakataa kuwaka. Mwishowe Malefetsane aliibeba kwenye gunia hadi kona ya saba akaiacha juu ya jiwe. Alikwenda peke yake, kwa miguu, na aliporudi hakumwambia mtu aliona nini. Tangu siku hiyo ndiye anayemkatia shangazi kuni, na shangazi humpokea bila kumkaribisha ndani.

Baada ya mwezi tulimvua shangazi nguo za msiba, na mimi ndiye niliyemwogesha. Nilipomwagia maji mgongoni nilisimama na jagi hewani. Juu kidogo ya kiuno kulikuwa na alama nyeupe, kama ngozi iliyoungua kwa baridi. Kiganja. Na vidole vitano vimetawanyika, kama vya mtu anayeshikilia.

"Ile Jumapili," alisema kabla sijauliza. "Uliponiacha."

"Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Aliniuliza hapa ni kwa nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia si kwako, baba. Nenda kwenu." Alivuta blanketi mabegani. "Akaniuliza kwetu ni wapi."

"Na ukamwambia nini, shangazi?"

"Ningejuaje mimi, Nthatisi? Hata jina lake hakuna anayelijua."

Nilimpeleka zahanati. Nesi alisema ni jeraha la baridi, akauliza kama mama alilala nje. Akatupa dawa ya kupaka. Tuliipaka mpaka ikaisha, na nyingine, na nyingine. Haiumi. Ni baridi tu, hata Desemba, ukigusa unatoa mkono.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Septemba hii nilikwenda kumsaidia kupanda viazi, na jioni, kabla jua halijazama, akaniomba nimsugue mgongo. Nilisugua. Nilitafuta ile alama juu ya kiuno, kwa kuwa naijua ilipo.

Kiunoni ngozi ilikuwa safi.

Kiganja kilikuwa kimefika chini ya bega la kushoto, na kidole cha kati kimeanza kupinda kuelekea shingoni.